Vifaranga Waliovuka kwa Waya na kwa Hewa

Habari ninayoiandika hapa hakuna atakayeiamini, na mimi sitambembeleza mtu. Kule Moding tulikozaliwa wameshaikataa. Busia waliicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Hata katekista wetu, mtu mpole ambaye sijamsikia akimbishia mtu neno tangu nimfahamu, alisikiliza mpaka katikati akainua mkono, akasema, “Hapana, mzee. Hapo umepita kiasi.”

Sawa. Mwenye kuamini na aamini, mwingine aendelee kupalilia mihogo yake.

Akwii ni binti wa dada yangu. Akili aliitoa kwetu, upande wa mjomba, na hilo halina mjadala. Mimi shule niliiacha darasa la sita, au tuseme yenyewe ndiyo iliyoniacha, lakini kichwa kilibaki. Naandika huku nikijisomea kwa sauti, nimekaa kwenye benchi la ofisi yake, yeye yuko mezani amenipa mgongo. Amenikubalia niandike kwa sharti moja tu: “Anko, andika kilichotokea. Usiongeze chumvi.” Nimekubali. Chumvi nimeiacha nyumbani.

Basi, kwa miaka kumi na mmoja Akwii amekuwa karani katika ofisi moja ya wakala wa forodha hapa Malaba, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la magodoro. Dirisha lake linatazama uwanja ambako magari ya mizigo hupanga foleni ya kuvuka kwenda Uganda. Gari likifika, yeye ndiye anayeingiza karatasi zake kwenye mtandao wa forodha. Akimaliza sawasawa, gari linapita. Akikosea tarakimu moja, dereva analala hapo na mbu. Ndiyo maana madereva wa Malaba humwamkia Akwii kwa heshima ambayo wake zao hawajawahi kuionja.

Boss wake anaitwa Lazarus Mugeni. Huyu Lazarus ni mtu mwema, lakini anaogopa wezi kuliko moto. Muhuri wa ofisi yake si ule wa mpira wa kugonga kwenye wino. Ni wa kisasa, unakaa ndani ya kompyuta, na hiyo kompyuta ameifungia kwenye chumba cha nyuma, nyuma ya nondo, ufunguo anatembea nao shingoni. Karatasi ikitoka mezani kwa Akwii inapita kwenye waya wa buluu, inaingia tundu la ukutani, inapigwa muhuri huko kizuizini, halafu inarudi kwa waya uleule. Intaneti nayo ilikuwa ikija kwa waya huohuo. Waya mmoja, kazi mbili, Akwii anakunywa chai yake kwa amani.

Mpaka Alhamisi moja jioni, wachimba mtaro wakakata laini ya intaneti ya mtaa mzima. Waliikata vizuri, katikati, kama mtu anayegawa muwa. Fundi wa laini akapigiwa simu, akasema atakuja Ijumaa. Hakusema Ijumaa gani.

Akwii hakushtuka. Ijumaa asubuhi alifika ofisini, akatia simu yake ndani ya kikombe, akakiweka kikombe dirishani upande wa kulia, akawasha hotispoti. Nasema upande wa kulia, na mgeni wa Malaba asikie vizuri. Ukiiweka simu upande wa kushoto wa dirisha lile, inanasa mtandao wa Uganda, na hapo bando lako linakwisha kabla hujafunga mlango. Sisi wa mpakani tunajua hata kigae gani cha sakafu ni cha Kenya na kipi simu imeshakipeleka Tororo.

Kompyuta ikaona waifai. Akwii akatabasamu. Saa tatu na nusu, pikapu nyeupe ikaingia uwanjani, na mlio wake ulifika ghorofani kabla ya dereva.

Piii, piii, piii!

Dereva alikuwa Ongodia, mtu mrefu anayeinama kila mlango hata ule wa kanisa. Alipanda ngazi tatutatu.

“Mama Akwii, habari ya asubuhi. Nimekuja na wale watoto wa Mama Ajiko.”

“Wangapi?”

“Mia nane. Katoni nane. Wametotolewa jana kule Mundika, bado wana joto la yai.”

Mia nane ndiyo hesabu ya karatasi. Kwa kelele iliyokuwa ikitoka chini, mimi naweka elfu mbili.

Akwii aliinuka kutazama. Mlinzi wa uwanja alikuwa ameshampa Ongodia kibao cha namba, kama anavyompa kila gari linaloingia, na namba yake ilikuwa nne. Pikapu ilikuwa imejibanza nyuma ya lori la saruji, namba tatu, ndani ya kivuli chake. Kivuli kizuri. Lakini lori likiitwa litaondoka na kivuli chake, maana hakuna dereva anayekuachia kivuli. Na namba nne ikiitwa bila karatasi tayari, inarudishwa mkiani, juani, nyuma ya magari arobaini. Kifaranga wa siku moja ndani ya katoni, kwenye jua la Malaba la saa sita, hafiki jioni.

Simu ya mkononi ya Sharlyne ikalia. Sharlyne ni msichana wa pale ofisini, meza ya pili, kucha ndefu na moyo mkubwa. Akasikiliza, akaishika mbali na sikio ili Akwii naye asikie. Alikuwa Mama Ajiko, mwenye vifaranga, kutoka Tororo, akisalimu kwa lugha ya kwetu.

“Akwii! Yoga noi! Wamefika?”

“Yoga, mama. Wamefika, wanapiga kelele kama wako harusini.”

“Mwanangu, sikia. Wale wa mwaka jana walinifia hapo hapo mpakani, kwa wakala mwingine, mia tano. Nilizika kwa beleshi. Hawa wakifa, nabomoa banda nauza mbao. Nimewasha taa za joto tangu alfajiri.”

“Hawafi, mama. Kabla ya saa sita watakuwa chini ya taa zako.”

Alisema hivyo, nataka mjue, kwa sauti ya mtu aliye na hakika. Akaketi. Akafungua ukurasa wa forodha. Ukurasa ukakataa. Akajaribu tena. Ukakataa tena.

Waifai ipo, imejaa mistari yote. Waya upo. Intaneti hakuna.

Akwii si mtu wa kupiga kompyuta kofi. Alifikiri kidogo, akaingia chini ya meza, akauchomoa waya wa buluu. Alipotoka, ukurasa ulikuwa umefunguka. Akacheka. Akaingiza yote: vifaranga, katoni, cheti cha daktari wa mifugo, namba ya pikapu. Mtandao ukampa namba ya mzigo, ukasema: sasa weka muhuri.

Muhuri uko ukutani. Kwa waya.

Akaingia chini ya meza, akauchomeka. Alipotoka, muhuri uko tayari unamngoja, lakini ukurasa wa forodha umekufa, na umekufa na namba yake. Kila ukifunguka upya unatoa namba mpya, na muhuri lazima upigwe juu ya namba ambayo bado iko hai.

Akajaribu mara ya pili. Mara ya tatu akagonga kichwa kwenye meza. Ongodia aliporudi kuuliza mambo yamefika wapi, aliona miguu miwili tu ikitokeza chini ya meza, nyayo zikitazama mlango.

“Mama, unasali?”

“Nachomoa!”

“Unachomoa nini?”

“Ongodia, nenda ukawapepee watoto!”

Sharlyne akaona kazi ya kichwa na kazi ya tumbo haziwezi kufanywa na mtu mmoja. Akavua viatu, akalala kifudifudi chini ya meza na waya mkononi, kucha na yote. Akwii akabaki kwenye kibodi.

“Chomoa!”

“Nimechomoa!”

“Ngoja... ngoja... namba imetoka... Chomeka!”

“Nimechomeka!”

“Umekufa! Chomoa!”

Madereva waliokuwa wakisubiri ngazini hawakuelewa kitu, lakini mtu wa Malaba hawezi kuuona mchezo asiingie. Mmoja akaitikia, wa pili akapokea, na muda si muda ngazi nzima ilikuwa ikiimba, sauti nene na nyembamba, “Chomoaaa! Chomekaaa!” na mwenye duka la magodoro chini anapiga mkono juu ya godoro kama ngoma. Sharlyne chini ya meza alicheka mpaka akakosa nguvu ya kuchomeka. Hata Akwii alicheka. Halafu akatazama dirishani, akaona kivuli cha lori la saruji kimepungua, kimeacha katoni mbili za nyuma juani, na Ongodia amevua shati analitandaza juu yake.

Hapo kicheko kikamtoka usoni.

“Sharlyne, mpigie Josiah wa Busia.”

Josiah ni binamu yake, anatengeneza simu na kompyuta karibu na soko la Busia. Naye akili aliitoa kwetu. Alipokea akiwa juu ya bodaboda, upepo unampiga mdomoni.

“Akwii, kompyuta yako haijakosa njia. Inazo mbili, na ikiziona mbili inapenda waya. Inapita kwa waya kwenda duniani, inakuta kumekatika, na haina akili ya kugeuka.”

“Nifanyeje? Nazitaka zote mbili kwa pamoja.”

“Rahisi kabisa. Kila njia ina namba. Ingia kwenye mipangilio ya waya, ndani kabisa, utaona pameandikwa kwamba namba inajipanga yenyewe. Toa tiki hapo, uandike ya kwako. Halafu fanya hivyohivyo kwa waifai. Usiogope, waya hata ukinyimwa njia ya kwenda nje, bado utauona muhuri wa ndani, maana huo ni jirani yake. Umenielewa?”

“Nimekuelewa. Sasa namba gani?”

“Sasa hapo usikie vizuri, maana watu wote hukosea hapa. Ile ya waifai iwe—”

Simu ikakatika.

Akwii akageuka. Sharlyne, kwa furaha ya kusikia kuna dawa, alikuwa amejisogeza na simu mpaka dirishani. Upande wa kushoto.

“Sharlyne!”

“Woi! Nimeingia Uganda!”

Alirudi Kenya mbio, hatua mbili, akapiga tena. Simu ya Josiah sasa ilikuwa imezimwa, au imeanguka, au imo mfukoni mwa mtu asiyesikia kwa upepo. Wakapiga mara tisa.

Akwii akavuta pumzi. Akaingia kwenye mipangilio, ndani kabisa, akakuta mahali pale kama Josiah alivyosema. Akatoa tiki. Kisanduku kitupu kikamtazama, kinangoja namba.

Sasa, mtu aliyekulia Nairobi sijui angewaza nini. Lakini Akwii ameishi miaka kumi na mmoja karibu na mizani ya kupimia malori. Kwake namba ni tani. Lori la tani arobaini likija, pikapu inapisha. Mkubwa ndiye mwenye barabara. Kwa hiyo akaiandikia waifai elfu tisa, ili iwe na nguvu, ipasue. Waya akauandikia moja, ukae kimya kama baiskeli ya mzee.

Akabonyeza. Akafungua ukurasa wa forodha.

Ukurasa ukafa kuliko mwanzo. Kompyuta iling'ang'ania ule waya kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

“Labda elfu tisa haitoshi,” Sharlyne akasema kutoka chini ya meza.

Akaongeza ikawa elfu tisa mia tisa. Bure.

Huko nje mlinzi wa uwanja akapuliza filimbi. “Namba tatu! Saruji! Sogea!”

Akwii aliisikia injini ikinguruma. Alikimbilia dirishani. Lori lilitoka polepole, kivuli kikalifuata, na jua likaingia pikapuni kote kwa mara moja. Vifaranga elfu tatu walipaza sauti pamoja. Ongodia, kifua wazi, alikuwa amesimama juu ya gari amenyoosha mikono, anajaribu kuwa mti.

“Mama Akwii!” akaita. “Mama, wameanza kufungua midomo!”

Na hapo ndipo, katika ile nafasi iliyoachwa na saruji, lori moja la mabomba ya chuma, refu kama misa ya Pasaka, likaanza kujipenyeza kutoka nyuma. Lilikuwa na magurudumu ishirini na mbili na honi kama ng'ombe wawili. Dereva wake alikuwa ametoa kiwiko dirishani, ana hakika dunia itampisha.

Mlinzi akaruka mbele yake. Mlinzi mwenyewe ni kipande kidogo cha mtu, kofia inamfika kwenye nyusi. Akapiga boneti kwa rungu.

“Wewe! Kibao chako namba ngapi?”

“Arobaini na mbili, lakini boss, mimi nina tani—”

“Nimekuuliza tani? Hapa hatupiti kwa tani! Namba ndogo ndiyo inatangulia! Rudi nyuma! Nne iko wapi? Nne!”

“Nne ni mimi!” Ongodia akapiga kelele. “Boss, nipe dakika mbili tu, karatasi zinashuka!”

“Dakika mbili. Halafu naita tano.”

Akwii alibaki ameshika fremu ya dirisha. Namba ndogo ndiyo inatangulia. Aliitazama kompyuta. Aliutazama uwanja. Miaka kumi na mmoja anayasikia maneno yale kila siku ya Mungu, asubuhi mpaka jioni, na ameyazoea kama mlio wa kunguru.

“Sharlyne,” akasema, “hii si mizani. Hii ni foleni.”

“Ati nini?”

“Shika waya, usichomoe! Yeyote asichomoe kitu!”

Aliruka kitini. Waifai: tano. Waya: hamsini. Akabonyeza. Akafungua ukurasa wa forodha na jicho moja amelifumba.

Ukafunguka.

Waya wa buluu uko palepale, umechomekwa, na ukurasa uko wazi, unapumua kupitia simu iliyo kikombeni. Akaingiza mambo kwa kasi ya mtu anayekimbizwa na nyuki. Namba ya mzigo ikatoka. Weka muhuri. Akabonyeza. Karatasi ikaingia kwenye waya, ikapita tundu la ukutani, ikaingia kizuizini kwa Lazarus, na huku ukurasa haukupepesa hata ukope. Ngazini madereva waliacha kuimba. Ungemsikia Sharlyne chini ya meza akikuna pua.

Muhuri ukarudi. Akatuma. Kikaanza kuzunguka kile kiduara cha kungoja, kinazunguka, kinazunguka, na Akwii anazunguka nacho shingo.

Mzigo umeruhusiwa.

Printa nayo, iliyo kwenye waya uleule, ikaguruma ikatoa karatasi ya moto. Akwii hakushuka ngazi. Aliisokota karatasi, akaitia kwenye kiatu cha Sharlyne ili iwe na uzito, akakirusha dirishani. Ongodia alikidaka hewani bila kushuka garini.

“Nne! Karatasi ninayo!”

“Pita!” mlinzi akasema, akapuliza filimbi.

Pikapu ilipita getini na dereva kifua wazi, kiatu chekundu cha kike juu ya dashibodi. Ngazi nzima ilipiga kelele mpaka magodoro yakaanguka. Sharlyne akatoka chini ya meza na buibui kwenye nywele, miguu peku, wakakumbatiana wanarukaruka, na kila wakiruka kikombe cha simu kinasogea kidogo kuelekea kushoto, mpaka Akwii akakiona akakiwahi kikiwa kimebakiza vidole viwili kufika Uganda.

Saa sita kasoro robo Mama Ajiko akapiga. Haikusikika sauti yake kwanza. Ilisikika piii, piii, piii, nyingi na zenye afya.

“Unasikia?” akasema. “Akwii, unasikia? Wanakunywa maji! Nimewaweka chini ya taa. Mwanangu, ulifanyaje? Ongodia ananiambia habari za foleni na kiatu, simwelewi.”

“Niliwapitisha njia mbili, mama,” Akwii akasema. “Moja ya waya, moja ya hewa. Kwa pamoja.”

Akakaa kitini akalia kidogo, kile kilio cha mtu anayecheka. Tangu siku hiyo ofisi zote za ghorofa ile zilizokatiwa laini zimekuja kwake na kompyuta zao, naye anawauliza swali moja kabla ya kugusa kitu: “Kwenye foleni, nani anatangulia?” Wanaojibu “mkubwa” anawarudisha dirishani wakatazame kwanza.

Mimi nasema jambo kama hili halijawahi kutokea tangu mpaka uchorwe. Ile pikapu ilipofika katikati ya daraja la mpakani ilisimama yenyewe, maafisa wa nchi zote mbili wakavua kofia, makatoni yakafunguka, na wale vifaranga elfu tano, wote wazima, bila kupungua hata mmoja, wakapanga mstari kwa namba, mdogo mbele, wakageuza shingo kulitazama dirisha la Akwii, wakainua bawa la kulia wakapiga sa—

“Anko. Elfu ngapi?”